Mama Pacha na Msumeno Uliokuwa na Njaa

Mtaa mzima ulimjua kwa sweta. Ukimwona mtoto wa shule amevaa sweta ambayo shingo yake haijalegea hadi mwisho wa mwaka, ujue imetoka mikononi mwa Mama Pacha. Alikuwa na mashine ya kufumia, ya chuma, ndefu kama kitanda cha mtoto, aliyoirithi kwa shangazi yake. Aliifunga kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja na kochi ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulikalia, maana lilijaa mipira ya uzi. Mabinti zake mapacha, waliomtwisha jina hilo, walikuwa wameshakua na kuhama: mmoja muuguzi, mwenzake anafundisha hesabu. Nyumbani walibaki yeye, mumewe na mashine.

Wachache walijua kwamba kazi ile aliifanya kwa masikio kuliko macho. Kile kipande kinachokimbia kulia na kushoto juu ya sindano hutoa mkwaruzo mmoja ulio sawasawa. Sindano moja ikiruka uzi, mkwaruzo unapata kigugumizi kidogo mno, ambacho wewe na mimi tusingekisikia hata tukilipwa. Mama Pacha alikisikia huku anapiga soga na mteja. Mkono ulisimama, ukarudi nyuma, ukaokota kitanzi kilichodondoka. "Nimekusikia, mjinga wewe," aliiambia sindano, kisha akaendelea na soga palepale alipoiachia.

Upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho kulikuwa na banda la mumewe. Baba Pacha alikuwa mpasua mbao. Alikata miti na kupasua magogo kwa msumeno wa mnyororo, ule wa injini unaobebwa mikononi, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mitatu bila kuweka hata pamba masikioni. Msumeno wake ulikuwa mwekundu, mzito, umebanduka rangi pale kiganja kinaposhika. Aliufuta kila jioni kwa kitambaa safi, akaufunika kwa gunia lililofuliwa. Mama Pacha aliuita mke mwenzake. "Mke mwenzangu ameoga?" alikuwa akiuliza. "Basi njoo na wewe uoge, ule."

Kila asubuhi kabla ya kutoka, Baba Pacha aliuwasha, akaupiga resi, akausikiliza huku ameinamisha kichwa, akachomeka bisibisi kwenye kabureta na kuigusa kidogo tu. Kwa hiyo miaka yote hiyo Mama Pacha alinywa chai yake ya asubuhi akiusikia mlio ule ukutani, na hakuwahi kufikiri kwamba anajifunza kitu.

Kisha ukaja mwaka wa balaa. Msumeno ulianza kuzima ndani ya gogo.

Nje ya gogo haukuwa na neno. Ulikubali kwa mvuto wa pili wa kamba, ukalia kwa nguvu, mnyororo ukakimbia. Lakini ukiuweka juu ya mti, meno yakishazama kina cha vidole vinne, nguvu ziliuishia. Mnyororo ulijikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia, halafu kimya. Baba Pacha aliuchomoa, akauwasha tena, nao ukalia kama kawaida. Akiurudisha kwenye gogo, unazima.

Alifanya kila anachokijua. Alibadilisha plagi, akaosha chujio la hewa, akatoa bomba la mafuta na kuliangalia kwenye mwanga, akakwangua masizi ya bomba la moshi, akanoa mnyororo mpaka ukamkata kidole. Akaweka kabureta mpya. Siku ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, baada ya kuigusa na bisibisi yake, mambo yakawa yaleyale.

"Petroli ya siku hizi imechakachuliwa," aliwaambia watu. Wakamwamini, maana hilo kila mtu analiamini.

Halafu pistoni ikaungua. Alipofungua injini aliikuta imechanika mistari mirefu kama imekwaruzwa na paka. Aliitoa, akaweka nyingine, na baada ya miezi mitatu ikaungua nayo. Seremala aliyefanya naye kazi tangu ujana alimsubiri siku tatu kando ya gogo moja, siku ya nne akamwita mpasua mbao mwingine. Hakumtukana. Alimwambia tu, "Pumzika kidogo, ndugu yangu," na neno hilo lilimuuma Baba Pacha kuliko tusi.

Mama Pacha alikuwa ameshajua tangu wiki za mwanzo. Mlio wa ukutani ulikuwa umebadilika. Zamani, msumeno ukipigwa resi bila kazi, haukutoa mlio safi. Ulikuwa na mkoromo mdogo ndani yake, kama mtu anayeongea na funda la maji mdomoni. Sasa ulilia wembamba na safi, kama mbu. Na kulikuwa na mengine. Simu ya mumewe iliita mpaka ikachoka naye amekaa pembeni yake. Jioni moja Mama Pacha akiwa jikoni alimuuliza, "Nimeshatia chumvi?" naye akajibu, "Ndiyo, ameondoka muda mrefu." Majirani walisema mzee ameanza maringo, anasalimiwa haitikii. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ya Baba Pacha yalifichuliwa na kilio cha msumeno wake.

Siku moja mumewe alipokuwa anakula, Mama Pacha alikaa mbele yake, mahali ambapo angeuona mdomo wake.

"Baba Pacha, husikii vizuri."

"Nasikia."

"Unaniangalia midomo."

"Kwani mwanaume haruhusiwi kumwangalia mkewe?"

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Siku hiyo hakucheka. "Msumeno umebadilika sauti," alisema. "Kila asubuhi unaushika na bisibisi, na kila asubuhi unauharibu zaidi. Mimi nausikia. Wewe huusikii."

Baba Pacha aliweka kijiko chini. "Nilikuwa nafungua injini wewe hujui hata kuwasha kiberiti. Tangu lini mfuma sweta akamfundisha mpasua mbao?"

"Tangu mpasua mbao alipoanza kuchoma pistoni."

Lilikuwa limeshatoka. Baba Pacha alinyanyuka, akaenda bandani, na kwa siku mbili nyumba ile ilikaa kama ofisi: habari za asubuhi, karibu chakula, asante, lala salama. Mama Pacha alifuma sweta tano katika siku hizo mbili, na mikono ya mbili kati ya hizo haikulingana. Hiyo haikuwahi kumtokea.

Siku ya tatu mchana mlango wa chumba cha nyuma ulifunguliwa. Baba Pacha aliingia, akasukuma mipira ya uzi, akakaa kwenye kochi. Mipira ikatawanyika sakafuni kama kuku waliofukuzwa. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Endelea," alisema.

Mama Pacha akafuma. Alikwenda mistari sita, saba.

"Nahisi mtikisiko tu," alisema Baba Pacha. "Zamani nikiwa bado barabarani nilikuwa nausikia mlio huu, nikajua upo. Imenijia polepole. Zilianza kuondoka sauti nyembamba. Ndege, kwanza. Halafu simu." Akamtazama mkewe. "Halafu wewe."

Mama Pacha aliendelea kusukuma, ingawa uzi ulikuwa umeshakwisha na mashine ilikuwa inafuma hewa.

"Sasa niambie," alisema mumewe. "Ule msumeno unaliaje?"

Alimgeukia ili auone mdomo wake vizuri, akabana meno, akauiga: "Nyiiiiiii."

"Na zamani?"

"Nyii-rrr-nyii-rrr-nyii-rrr." Na mashavu aliyatikisa.

Baba Pacha alimtazama, akajipiga kofi la paji la uso. "Una njaa!" akasema, na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kumbe ameivaa. "Mama Pacha, msumeno una njaa! Mimi nasubiri niusikie unalia sawasawa, siusikii, naubana mafuta. Siusikii, naubana tena. Mwaka mzima nimeufungisha!"

Walitoka hadi uani jua bado lipo. Baba Pacha aliufunga msumeno juu ya gogo la majaribio, akavua kifuniko, akamwekea mkewe bisibisi mkononi. Mama Pacha alijifuta viganja kwenye kanga kwanza. Hakuwa amewahi kumgusa mke mwenzake huyo isipokuwa kumhamisha wakati wa kufagia.

"Mimi nasema, wewe unasikia," alisema Baba Pacha. "Hii ndiyo kabureta. Humu petroli inachanganyika na hewa. Skrubu ni tatu. Hii inatawala mafuta injini ikinguruma polepole. Hii inatawala mafuta ikienda kasi. Hii ya tatu haigusi mafuta, inazuia tu injini isizime ukiiachia. Ukizungusha kulia unanyima, kushoto unaongeza."

"Na kwa nini unazima ndani ya gogo tu?"

"Mchukuzi asiyekula, akitembea mikono mitupu utamwona mzima. Mtwike gunia."

"Anaanguka."

"Basi. Na akilazimishwa kukimbia na njaa yake, anaungua ndani. Ndizo zile pistoni."

Waliuacha upate moto kwanza, maana injini baridi ni mwongo. Walianza na skrubu ya mwendo mdogo. Mama Pacha alizungusha nusu mzunguko kushoto, kwa mkono wa mtu mwenye hasira na mwaka mzima. Msumeno ukakohoa, ukatoa moshi mzito, ukazima. Baba Pacha alipunga moshi usoni. "Umemlisha mpaka amevimbiwa. Robo ya mzunguko, mke wangu. Na ukikaribia, nusu ya robo."

"Kama kukaza uzi."

"Sijui. Mimi sifumi."

Mara ya pili alikwenda kidogo kidogo. Alitafuta pale injini inaponguruma kwa kasi zaidi, kisha akarudi kushoto kiasi cha upana wa ukucha, ili ikipigwa resi ghafla isimeze mate bali iruke palepale. Aliposikia imeruka bila kusita, alitikisa kichwa kukubali kabla mumewe hajamuuliza. Skrubu ya tatu wakaituliza mpaka mnyororo ukasimama wenyewe.

Kisha ikaja ile yenyewe, ya mwendo mkubwa. Baba Pacha alibana resi hadi mwisho, kwa sekunde chache tu kila mara, na macho yake hayakutoka usoni kwa mkewe. "Nyiiiii," ulilia. Mama Pacha akafungua nusu ya robo. Bado. Akafungua tena. Mlio ukaanza kulainika ukingoni. Akafungua kwa upana wa ukucha, na hapo, ndani ya ule mlio mwembamba, kigugumizi kikaingia. Kilikuwa kilekile cha miaka yote ya chai yake ya asubuhi: rrr, rrr, rrr, funda la maji mdomoni.

Aliinua mkono juu. Hakupiga kelele, haikuwa na faida.

Baba Pacha aliufungua msumeno, akauteremsha kwenye gogo. Meno yalipouma, kigugumizi kikatoweka na sauti ikawa nzito, iliyotulia; alipouinua, kikarudi. Ndivyo inavyotakiwa: mkoromo ukiwa mtupu, usafi ukiwa na kazi. Akaubonyeza tena, vidole vinne, nane, upana wote wa gogo. Haukuzima. Chenga za mbao zilirushwa miguuni pake nene kama wali, si vumbi lile la mwaka mzima. Hakusikia kitu, lakini viganja vyake vilimwambia, na kipande cha gogo kilipodondoka aliuzima msumeno, akakiinua kile kipande, mwanaume mzima wa miaka hamsini na nane, akakikumbatia.

Mama Pacha alihisi kitu kinampanda kifuani, na alikitambua, kwani kilishampanda mara mbili kabla: siku mapacha walipozaliwa wazima wote wawili, na siku alipokabidhi sweta mia tatu za sekondari alizofuma peke yake. Akasema, "Sasa lete mti." Kisha akaingia ndani kuokota mipira yake ya uzi.

Tangu siku hiyo kazi ikawa ya watu wawili. Mumewe alimfundisha yote, na kubwa alilomfundisha ni kutoshika bisibisi haraka. "Skrubu ni ya mwisho," alikuwa akisema. "Anza na chujio, bomba, plagi, moshi, mnyororo. Mtoto akilia hukimbilii kumpa dawa. Unatazama kwanza kama hajakalia mwiba." Kwa sababu msumeno wa Baba Pacha haukuwa ukizima tena magogoni, wapasua mbao wengine walianza kuleta misumeno yao. Waliita mlangoni, "Fundi yupo?" na Baba Pacha, macho midomoni mwao, akawajibu, "Yupo, anafuma. Msubiri amalize mstari."

Wengi walicheka, wakangoja. Mmoja, bonge la mtu waliyemwita Kisiki, hakucheka. "Mzee, nimeleta msumeno, sijaleta sweta," alisema, akaondoka nao. Mama Pacha alimsikia, akaendelea na mstari wake. Aliyeumia ni mumewe; alimwangalia Kisiki mpaka akapotea kona ya barabara, akasema, "Atarudi. Gogo halina adabu, litamrudisha."

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, upepo wa usiku uliangusha mti mkubwa kuliko yote ya ng'ambo ya mto. Asubuhi watu walikuta umelala juu ya daraja, na daraja hilo ndiyo njia pekee ya magari kwenda hospitali. Baba Pacha aliitwa pamoja na wapasua mbao wote, Kisiki akiwamo. Hadi saa nne walikuwa wameshamaliza matawi, lakini shina liliwashinda: panga za misumeno yao, yale mapande ya chuma yanayobeba mnyororo, zilikuwa fupi, hazifiki hata katikati. Manispaa ikaleta msumeno wake mkubwa, mpya, upanga mrefu kama mguu wa mtu mzima, pamoja na fundi wao mwenye ovaroli ya buluu.

Ukazima ndani ya shina. Wakauwasha, ukakata dakika mbili, ukazima. Yule fundi alikaza skrubu, akalegeza, akakaza. Jasho lilimlowesha mgongo. Upande wa pili wa daraja gari la wagonjwa lilikuwa limesimama, injini inanguruma, na ndani yake kulikuwa na mzee aliyelala na dripu, mwanawe amemshikia chupa.

Mama Pacha alifika amebeba chupa ya chai ya mumewe. Alisimama ukingoni, akasikia msumeno unavyokufa mara mbili, na akaweka chupa chini. Baba Pacha alikuwa anamtafuta kwa macho. Alinyanyua nyusi: nini?

Mama Pacha alijifunga kanga vizuri, akapanda juu ya matawi mpaka kwa yule fundi. "Mwanangu," alisema, "naomba niusikilize kidogo."

Fundi alimtazama, akamtazama Kisiki aliyekuwa karibu, kama anayeuliza huyu mama ametoka wapi. Mama Pacha akajiandaa kwa neno la sweta. Kisiki alikuna shingo. "Mpe," akasema. "Mpe tu."

"Hauanzi na njaa," Mama Pacha alimwambia fundi baada ya kuusikiliza. "Unaanza umeshiba, halafu unaishiwa taratibu. Ukipumzika unashiba tena. Hiyo siyo skrubu. Hiyo ni njaa ya aliyefungiwa mlango." Akashika kifuniko cha tanki la petroli, akakizungusha. Hewa ikaingia kwa nguvu, psssss, kila aliyekuwa karibu akaisikia. "Umeona? Tanki halipumui. Mafuta yakitoka, hewa haiingii, mwisho hayatoki tena."

Tundu la pumzi la tanki lilikuwa limeziba kwa unga wa mbao na oili. Mama Pacha alichomoa sindano ya kufumia aliyokuwa ameichomeka kwenye kilemba, kwani alitoka nyumbani akiwa kazini, akalizibua. Lakini skrubu zilikuwa zimeshavurugwa kwa saa nzima, hivyo kabureta ilibidi ipangwe upya. Aliomba bisibisi.

"Nyamazeni," alisema.

Watu walikuwa kama mia moja. Wakanyamaza, isipokuwa gari la wagonjwa. Mama Pacha aliinua uso. "Dereva! Zima gari!"

"Mama, nina mgonjwa!"

"Ndiyo maana nakwambia zima!"

Dereva akazima. Sasa ulisikika mto tu chini ya daraja. Fundi wa manispaa aliushika msumeno, akabana resi pale alipoambiwa, na Mama Pacha akainama juu ya injini, macho kayafumba. Mwendo mdogo kwanza. Ukaruka. Halafu mkubwa: robo, nusu ya robo, upana wa ukucha. Mlio ukapanda, ukalainika, ukapata kigugumizi chake. Alifumbua macho na kumkuta mumewe amesimama ng'ambo ya shina, anamtazama usoni kama mtu anayeutazama mshale wa saa. Aliinua mkono juu.

"Kateni," alisema.

Walikata. Msumeno ulizama shinani na sauti yake nzito, chenga zikamwagika mtoni kama mtu anakung'uta gunia la mchele, na haukuzima mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Baada ya nusu saa pande la kati la shina lilisukumwa na watu thelathini. Lilianguka majini kwa kishindo ambacho, Baba Pacha aliapa baadaye, hata yeye alikisikia. Gari la wagonjwa lilipita. Mtoto wa yule mzee alitoa mkono dirishani, akaupunga akiwa bado ameshika chupa ya dripu kwa mkono mwingine.

Fundi wa ovaroli alikuja pembeni. Alikuwa na haya, lakini hakuwa mjinga. "Mama, ulisikia nini hasa? Mimi nilisoma yote haya chuoni."

"Ulisoma vizuri. Ila ulikuwa unasikiliza watu," alisema Mama Pacha. "Watu mia wanakuangalia, hata mimi ningewasikiliza. Njoo nyumbani Jumamosi, nikufundishe ukiwa peke yako." Kisha akakumbuka chai, akaifuata.

Yule fundi alikuja Jumamosi hiyo na nyingine sita. Mapacha nao waliposikia walipiga simu siku hiyohiyo, wakigombania kuongea. Yule wa hesabu alitaka kujua nusu ya robo ni nyuzi ngapi, yule muuguzi alilia tu, kwa sababu yule mzee wa dripu alikuwa amelazwa wodi yake. Kisiki alileta msumeno wake bila maneno mengi, na alipoupata umepona aliagiza sweta mbili za wanawe. Mama Pacha alimtengenezea zote kwa uzi mzuri kuliko alioulipia, lakini hakumwambia.

Mwisho wa mwaka ule manispaa ilimwandikia barua. Walimwomba afundishe wapasua mbao ishirini wa wilaya nzima, siku mbili, kwenye uwanja wa karakana yao. Barua ilianza kwa "Mheshimiwa Fundi," na Baba Pacha aliisoma kwa sauti kubwa mno, kwa vile hakujua ukubwa wa sauti yake, kiasi kwamba jirani wa nyumba ya tatu alikuja kutoa hongera kabla hajamaliza.

Siku ya pili ya mafunzo Baba Pacha aliomba aende na mkewe. Alikaa nyuma kabisa kwenye benchi la mbao, shati jeupe limepigwa pasi. Asubuhi yote alikuwa amemsaidia mkewe kupitisha viziba masikio kwa kila mwanafunzi, na aliyejaribu kuvitia mfukoni alikutana na kidole chake kifuani. "Mimi nilikuwa na masikio kama yako," alimwambia. "Vaa."

Mama Pacha alisimama mbele, ovaroli mpya juu ya gauni lake, msumeno mbovu uliozima magogoni mwezi mzima umefungwa mezani. Aliwaonyesha chujio, bomba, tundu la pumzi, moshi. Vyote vizima. "Sasa," alisema, "ndipo tunashika bisibisi." Aliwaambia wavue viziba kwa dakika moja tu, wafumbe macho, na kila atakayesikia mkoromo anyooshe mkono. Akageuza skrubu. Mlio mwembamba. Akageuza tena. Wanaume ishirini waliofumba macho, wengine mikono yao imejaa makovu ya kazi, walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaoombewa.

Akafungua kwa upana wa ukucha. Mkono mmoja ukapanda. Mitatu. Kisha yote, na tabasamu likawapitia usoni mmoja baada ya mwingine, hata kwa Kisiki, aliyekuwa mstari wa mbele.

Baba Pacha hakusikia lolote. Ila aliziona zile nyuso. Mama Pacha, mkono bado uko kwenye bisibisi, alimwona mumewe nyuma kule ananyanyuka, anavuta shati lake likae sawa, kisha anaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, kabla mtu mwingine yeyote hajafumbua macho.